Bahasha kwenye Sinia la Sadaka

Karatasi ilimuuliza Délio Toste swali jepesi, naye akashindwa kulijibu. Ilitaka kujua wito wa mahakama alimkabidhi nani, wapi, lini, na kwa njia gani. Palikuwa na visanduku vya kutia alama. Kimoja kilisema alimpa mhusika mwenyewe, mkononi. Kingine kilisema alimwachia mtu mzima wa nyumba ile, kisha nakala ikatumwa kwa posta. Hapakuwa na kisanduku cha mwanamume mwenye mvi aliyeingiwa na haya, akaitupa bahasha mahali pasipofaa na kutoka mbio kama mwizi wa kuku.

"Mbona umeganda?" aliuliza dada yake Odília, akimmiminia kahawa. "Ulimpa, hukumpa?"

"Nilimpa."

"Basi si utie alama? Pale pa kwanza. Na chini utie sahihi, nikaipeleke leo leo."

Chini, juu ya mstari wa sahihi, maandishi madogo yalisema kwamba mwenye kutia sahihi anaapa yote aliyojaza ni kweli, na akisema uongo sheria itamshika. Délio aliyasoma mara mbili. Kisha akatia alama pale pa kwanza, akatia na sahihi yake nzuri ya kulaza, ile ambayo masista walimsifia alipokuwa mtoto kisiwani Terceira. Uso ulimwaka moto hadi masikioni. Odília akadhani ni kahawa.

Mambo yalianzia kwenye joho. Odília alikuwa mshonaji, na nusu ya majoho ya mahameli ambayo malkia wa sikukuu ya Roho Mtakatifu huyaburuta kwenye barabara za Tulare, mji wa ng'ambo walikohamia Wareno wengi wa visiwani, yametoka kwenye vidole vyake. Mwaka uliopita alimwazima Brianna, binti wa Natércia Meneses, joho jekundu alilolitarizi majira yote ya baridi. Lilirudi limechanika pindo, shanga hazipo. Odília akasema wamelibana kwenye mlango wa gari. Natércia akasema lilikuja vile vile. Wanawake wawili waliokuwa wakigawana hata nanaa ya bustanini wakawa hawasalimiani, na mwishowe Odília akaenda mahakama ya madai madogo kudai dola elfu tatu.

Sasa korti ina sharti lake. Mdai haruhusiwi kumpelekea mdaiwa wito kwa mkono wake mwenyewe. Lazima aende mtu mzima mwingine, asiyehusika na kesi, kisha huyo ndiye ajaze fomu ya kuthibitisha kwamba kweli alimfikishia.

"Utakwenda wewe," Odília alimwambia kaka yake.

"Mimi? Odília, Natércia ni kumadre wangu, mama wa mtoto wangu wa ubatizo! Brianna nimemshika mimi kwenye maji ya ubatizo."

"Ndiyo maana nakutuma. Akienda mwingine, mlango haufunguliwi. Wewe utafunguliwa."

"Si kuna watu kazi yao ni hiyo? Uwalipe."

"Niwalipe wakati nina kaka mzima anayekula kwangu kila Jumapili?" Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo alipompata. "Lucinda alipolala mwaka mzima, nani alikuwa akimgeuza kitandani? Niliajiri mtu?"

Lucinda, mkewe Délio, alifia mikononi mwa Odília, Délio akiwa barabarani na lori la maziwa. Akaipokea bahasha, nyeupe, nene, isiyoandikwa jina, akaitia mfukoni mwa koti.

Makosa mengine mtu huyafanya kwa kutojua. Hili Délio alilifanya akijua fika, maana kila Mreno wa bonde lile alijua wiki ile taji liko kwa nani. Majuma saba kabla ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, taji la fedha la ushirika wa Wareno wa pale huzunguka nyumba saba zilizopigiwa kura, kila nyumba juma moja. Wiki ile lilikuwa kwa Natércia. Nyumba yenye taji haifungi mlango. Anayekuja hupokelewa, awe rafiki au adui, na jioni watu husali rozari mbele yake, kisha hula. Délio akajiambia kwamba ndiyo nafasi yenyewe. Ataingia na watu, atamvuta Natércia pembeni, atampa, atatoka.

Natércia alimpokea mlangoni na aproni yake, mikono inanuka vitunguu saumu, akamwita kama anavyoitwa baba wa ubatizo.

"Kumpadre! Karibu, karibu. Nikajua tu utakuja. Nilimwambia Brianna, watu wote wataacha kuja kwa ajili ya maneno ya joho, lakini kumpadre wangu atakuja."

"Kumadre, nilikuwa nataka..."

"Utasema baadaye. Leo hatuna wa kuongoza rozari, mzee Silveira ana kikohozi. Utaongoza wewe. Usikatae, bwana, una sauti."

Basi akaongoza. Alipiga magoti mbele ya altare ya maua ya karatasi na mishumaa, wito uko kifuani upande wa kushoto, akasali makumi yote matano huku watu wakimwitikia. Akamwombea marehemu mume wa Natércia, kwa kuwa aliombwa. Alipoinua macho aliona picha ukutani, kando ya taji. Brianna amesimama mlangoni mwa nyumba ile ile asubuhi ya sikukuu iliyopita, joho jekundu limetandazwa ngazini, bado hajakanyaga hata barabara. Na pindoni, wazi kabisa, safu ya pini za kushikizia mpasuko.

"Unaangalia pini?" Natércia alimwambia baadaye, akimwekea bakuli la sopa, mkate umelowa mchuzi wa nyama, jani la nanaa juu. "Nilikesha nikizibandika. Lilikuja limechanika, kumpadre. Nikasema nisimwambie Odília, ataona haya kwamba ametuazima kitu kibovu. Kumbe ningesema. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Akacheka kidogo, akamwongezea nyama. "Kula. Umekonda tangu Lucinda atutoke. Nani anakupikia?"

Niambieni, mtu atatoaje wito wa mahakama hapo? Angeutoa mbele ya lile bakuli? Délio alikula hadi akafuta bakuli kwa mkate. Mara tatu alitia mkono kifuani, na mara tatu Natércia alipita akamwuliza kama anatafuta kitambaa.

Mbele ya taji palikuwa na sinia la fedha. Watu walipokuwa wakiaga waliinama, wakalibusu taji, wakaweka bahasha zao za sadaka, nyeupe, zimefungwa, hazina jina. Délio alipofika pale, mkono wake ulitoka na bahasha ya Odília ukaiweka juu ya zile nyingine. Tone la nta likaiangukia kutoka kwenye mshumaa. Alijiambia kwamba ni nyumba yake, ni sinia lililo mbele ya macho yake, ataiona tu. Alijua ni uongo wakati ule ule anajiambia. Bahasha za taji mwenye nyumba hazifungui wala hazigusi. Zinahama na sinia lake nyumba kwa nyumba, hadi siku ya sikukuu mweka hazina azifungue mbele ya watu. Hata mtoto wa miaka sita anajua.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?" Natércia alimuuliza kwenye kizingiti.

"Si kitu, kumadre. Nilitaka kukusalimu tu."

Hivyo ndivyo alivyofika jikoni kwa Odília kesho yake, na hivyo ndivyo sahihi ile nzuri ilivyokaa chini ya uongo.

Jumapili iliyofuata taji lilihama, na nyumba lililohamia ilikuwa ya Délio mwenyewe. Kura zilipigwa mwaka mzima nyuma, hakuna aliyepanga iwe hivyo. Bendi ikapiga, Brianna akabeba taji kwenye mto, na nyuma yake alikuja Natércia na sinia, amelifunika kwa kitambaa cha lasi. Mwenye nyumba anayetoka humkabidhi anayepokea, mbele ya wote. Hiyo ni desturi.

"Pokea, kumpadre," alisema Natércia, akamwekea sinia mikononi. "Zote zimo. Sikugusa hata moja."

"Najua," alisema Délio.

Watu wakapiga makofi. Aliliingiza sinia chumbani, akafunga mlango, akainua lasi. Ilikuwa pale, nene kuliko zote, na nta yake. Alikaa kitandani akaishika. Siku ya kesi bado ilikuwa mbali. Natércia alikuwa uani, umbali wa kuita tu, akikata nanaa kwa ajili ya sufuria kubwa. Angetoka angempa. Angemwambia, kumadre, nisamehe, hii ni yako, iliingia humu kwa woga wangu.

Akatoka nayo ndani ya shati. Natércia akamwona.

"Ee, mwenye taji! Unafanya nini huku kwa wapishi? Nenda ukae, leo tunakutumikia." Akamfuta unga begani kwa kiganja, kama anavyofutwa ndugu. "Lucinda angefurahi leo."

Délio akarudi ndani. Akiitoa sasa, Natércia atauliza kwa nini, tena atauliza tangu lini, na fomu iliyoko kortini ina tarehe nyingine na sahihi yake. Alivuta droo ya vitambaa vya kichwa vya Lucinda akaisukuma bahasha chini kabisa, chini ya kile cha bluu. Juma zima aliwapokea watu, akawasalisha, akawalisha. Walimsifu. Walisema nyumba ya Délio ina baraka. Alitamani sakafu ipasuke immeze pamoja na sifa zao.

Siku ya kesi Odília alivaa suti yake ya mazishi, akamchukua kaka yake.

"Usiseme neno usipoulizwa," alimwonya. "Wewe ukisimama mbele ya wakubwa unakuwa mtoto."

Jina la Natércia Meneses liliitwa ndani ya chumba cha mahakama, kisha likaitwa kwenye ukumbi wa nje. Délio aliutazama mlango kwa macho mawili, moja linaomba afike, la pili linaomba asifike. Hakufika. Angefikaje? Alikuwa kazini, akinywesha ndama maziwa kwenye zizi la watu, hajui kwamba jina lake linaitwa.

Hakimu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, aliifunua fomu. "Bwana Toste yupo? Sahihi hii ni yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulimkabidhi yeye mwenyewe? Mkononi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Nafasi haikuwa ndogo hata kidogo. Hakimu alisubiri, akamtazama juu ya miwani. Délio aliona tena, moyoni, zile pini za pichani, safu nzima. Angeweza kusema. Odília alikuwa ameketi wima kando yake, mikono mapajani, mikono ile iliyomgeuza Lucinda.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema.

Hukumu ikatoka upande mmoja, wa Odília, kabla kiti hakijapata joto. Nje, kwenye maegesho, Odília alimshika mkono. "Umeona? Ameogopa kuja. Mwenye haki hajifichi."

"Odília, joho lile lilikuwa zima ulipolitoa?"

Dada yake alimwachia mkono. "Swali gani hilo?"

"Nauliza tu."

"Lilikuwa kuukuu kidogo upande mmoja," alisema, akitafuta funguo kwenye mkoba bila kumtazama. "Lakini halikuwa limechanika vile. Ingia garini, jua kali."

Hazikupita wiki nyingi, Natércia akaja kwa Délio moja kwa moja kutoka kazini, amevaa buti za mpira, akitoa harufu ya maziwa ya ndama. Alikuwa na karatasi mkononi, na ile picha ya ukutani kwapani, na fremu yake. Alianza kusema kabla hajakaa.

"Kumpadre, nimeletewa barua nimeshindwa kesi ambayo sikuitwa. Watakata mshahara wangu! Nikaenda kortini, nikamwambia karani sikupewa wito na mtu yeyote. Akanionyesha faili. Kuna fomu mle, imejazwa kwamba nilipewa mkononi, nyumbani kwangu, wiki ya taji. Na sahihi..." Akameza mate. "Sahihi ni jina lako."

Délio alisimama katikati ya sebule yake.

"Nikamwambia karani, huyo hawezi kuwa Délio Toste wangu. Huyo aliongoza rozari kwangu, alikula mezani kwangu, binti yangu amebatizwa mikononi mwake. Angekuwa na kitu cha kunipa angenipa. Watu wameliiba jina lako, kumpadre. Odília namjua, akikasirika haoni, lakini kukuibia wewe jina, la, hapo amepita mpaka." Akavuta pumzi. "Karani anasema naweza kuomba hukumu ifutwe. Anasema kama huyo mwenye jina atakuja aseme si yeye, itakuwa rahisi. Basi nimekuja kukuchukua. Twende ukaseme si wewe. Na picha hii naibeba, safari hii nitaionyesha."

Kuna aibu ya kukamatwa, na mtu huizoea. Ya kuaminiwa ndiyo mbaya. Délio alitamani Natércia amtukane, amtemee mate, apige kelele hadi majirani watoke. Natércia alikuwa akimngoja tu, akimtazama kwa uso wa mtu aliyefika kwa nduguye.

Alikwenda chumbani. Alivuta droo, akainua kile kitambaa cha bluu. Alirudi sebuleni. Akainyoosha bahasha, akamwekea mkononi.

"Ni mimi," alisema.

Natércia hakuelewa mara moja. Aliigeuza bahasha, akalipitisha dole gumba kwenye tone la nta, akalinusa kidogo, kwa kuwa mishumaa ile huifinyanga mwenyewe kwa nta ya nyuki wa kaka yake. Kisha akaifungua, akasoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho, midomo ikicheza.

"Iliwekwa wapi?" aliuliza.

"Kwenye sinia."

"Kwenye sinia la Roho Mtakatifu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo niliibeba mimi. Barabara nzima, na bendi, nikakuletea mpaka mlangoni." Alisema polepole, kama anayehesabu mishono. "Nawe ukaipokea. Kisha?"

"Nikaificha. Niliona haya, kumadre. Ulinipa chakula, nikaona haya kukupa. Baadaye nikaona haya kwa kuwa sikukupa. Kila siku ikawa..."

"Uliona haya mbele yangu," alisema Natércia, "ukaniuza nyuma yangu."

Délio alilia. Si vizuri kusema mwanamume mzima alilia mbele ya mwanamke mwenye buti za mpira, lakini alilia, na hakuna aliyemnyamazisha. Natércia alisubiri, akitazama saa ya ukutani.

"Chukua kofia," alisema mwishowe. "Ofisi ya korti inafungwa saa kumi."

Walikwenda kwa gari la Délio, picha katikati yao kitini. Njiani Délio alijaribu mara moja tu: "Odília nitamwambia mwenyewe."

"Hayo ni ya kwenu," alijibu Natércia, akitazama dirishani.

Karani alikuwa kijana mwenye kucha za rangi ya zambarau, na mstari nyuma yao ulikuwa na watu, wawili wanaowafahamu kutoka ukumbi wa ushirika. Délio alitaka kunong'ona. Dirisha lilikuwa na kioo kinene.

"Sema kwa sauti, baba, sikusikii!"

"Nilisema uongo," alisema Délio kwa sauti. "Kwenye fomu. Na mbele ya hakimu pia. Sikumpa huyu mama wito mkononi. Niliuweka kwenye sinia la sadaka."

Mstari wote ukasogea kusikiliza. Karani aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna. Akawaambia kwamba yeye hawezi kutoa ushauri wa sheria, kwamba hakimu ndiye atakayeamua, na kwamba sahihi ya kiapo si mchezo, huenda akaulizwa zaidi ya hapo. Kisha akasukuma karatasi mbili chini ya kioo. Moja ni ombi la Natércia la kufuta hukumu. Ya pili tupu, ya Délio kueleza yaliyotokea, na chini yake maandishi yale yale madogo.

"Andika kila kitu kwa maneno yako," karani alimwambia. "Na kama ulimpa siku nyingine, andika siku hiyo. Ulimpa lini, hasa?"

Natércia akajibu kwa niaba ya Délio.

"Leo," alisema. "Mkononi. Hajaniacha hata kuvua buti."

Délio akaandika. Mwandiko wake bado ulikuwa mzuri, hata hapo. Aliandika rozari, sinia, droo, aliandika hata lile bakuli la sopa, ambalo sheria haikuliuliza. Alipotia sahihi alibaki ameishika kalamu, akimsubiri Natércia aseme chochote, hata tusi, mradi aliseme kwake.

Natércia aliivuta karatasi yake karibu, akanyoosha kiganja bila kugeuka.

"Nipe kalamu," alisema, "Bwana Toste."